Je, Wajua? Vijisanduku Kwenye Gemu

Je, wajua kwamba gemu inayoandika Kiswahili bila tatizo inaweza kushindwa na lugha za mkoa wa Kagera, Tanzania? Kiswahili hutosheka na herufi za kawaida za Kilatini, hivyo karibu kila fonti inakimudu. Lakini ukitaka kuonyesha toni za Kihangaza cha Ngara, au Kishubi cha Ngara na Biharamulo, kwa irabu kama á na ê, fonti isiyo na alama hizo hutoa vijisanduku vitupu. Dawa ni kuipa gemu fonti ya akiba yenye alama hizo. Mojawapo ni Andika ya shirika la SIL: haiuzwi, na imechorwa kwa wanaojifunza kusoma, ndiyo maana I kubwa, l ndogo na tarakimu 1 hazifanani.