Figo zikishindwa, kumbukumbu nayo hupungua

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

MZEE akianza kusahau dawa zake au kurudia swali lile lile, wengi husema ni uzee. Kumbe wakati mwingine chanzo ni figo.

Figo huchuja damu na kutoa uchafu kwa njia ya mkojo. Zinapodhoofika kwa muda mrefu, sumu hubaki mwilini na kuuathiri ubongo. Aidha, homoni ya figo inayochochea utengenezaji wa damu hupungua, hivyo ubongo hukosa oksijeni ya kutosha. Shinikizo la damu na kisukari, magonjwa yanayoongoza kwa kuharibu figo, huharibu pia mishipa midogo ya ubongo.

Matokeo yake mgonjwa hukosa umakini, huwa mzito wa kufikiri na husahau, jambo la hatari kwa anayetakiwa kukumbuka dawa na siku za kusafishwa damu.

Upandikizaji wa figo ulianza nchini mwaka 2017 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, na wengi waliopandikizwa hupata nafuu ya kumbukumbu. Lakini kwa mkazi wa Kitanga, wilayani Kasulu, Muhimbili ni mbali. Kilicho karibu ni kupima mapema shinikizo la damu, sukari na mkojo, na ndugu kumsindikiza mgonjwa kliniki.