Sosi ya Saladi kwa Karakara Zilizosinyaa

Katika skimu za Uasin Gishu na Lugari, ambako mashamba mengi yaligawanywa kuanzia mwaka 1962 katika Mpango wa Eka Milioni Moja, kila mwenye karakara anajua jambo hili: mnunuzi akiisha kuondoka, nyuma yake hubaki rundo la matunda aliyoyakataa. Yeye hutaka karakara zenye ngozi nyororo, kwa sababu zina safari ndefu mbele yao. Zilizosinyaa huachiwa watoto, na zinazobaki hutupwa.

Kuzitupa ni hasara, maana kusinyaa si kuoza. Karakara ya zambarau ikikaa siku kadhaa baada ya kuiva, ganda lake hupoteza maji na kufanya mikunjo, lakini ndani utamu huzidi na uchachu hupungua kidogo. Tunda la namna hiyo ndilo lifaalo kwa sosi ya kumiminia saladi.

Kuna watu wasemao kwamba majani mabichi ni chakula cha ng'ombe. Huenda hawajapata kula kabeji na karoti zilizotiwa kitu cha uchachu na mafuta. Tena mafuta hayo si ya ladha tu. Ile rangi ya karoti mwili huigeuza kuwa Vitamini A, ambayo husaidia macho, lakini mwili hauwezi kuipokea vizuri pasipo mafuta kidogo. Na uchachu wa karakara na ndimu una Vitamini C, nayo husaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika majani kama sukuma wiki. Mama anayenyonyesha na mtoto anayekua wanahitaji sana vitu hivi.

Kwanza chagua matunda. Pima tunda mkononi: likiwa limesinyaa lakini lina uzito, ni zuri. Jepesi limekauka ndani. Lenye ukungu, au lililopasuka na kunuka pombe, litupwe. Karakara za kijani ambazo hazijaiva zisitumiwe, kwa kuwa zina sumu. Na ukiona matunda magumu yenye ganda nene na nyama haba, hapo si jambo la jikoni tena. Huenda mmea una ugonjwa wa virusi, kwa hiyo mwonyeshe Bwana Shamba upesi kabla haujaenea. Ikiwa ulipiga dawa, hesabu kwanza siku za kungoja zilizoandikwa kwenye mkebe. Kisha osha matunda kabla ya kuyakata, kwa sababu kisu huchukua uchafu wa ganda na kuuingiza ndani.

Karakara kama 10 hutoa maji yapatayo nusu kikombe, lakini pima kwa kikombe, usihesabu matunda, maana hayalingani. Kata kila tunda katikati, kwangua nyama kwa kijiko, uiweke katika bakuli la kioo au la enameli. Usitumie sufuria ya aluminiamu, kwani uchachu huila na kuharibu ladha. Piga kwa uma mpaka maji yaachane na mbegu, ndipo uchuje kwa chujio au kitambaa safi kilichochemshwa. Usitwange mbegu, zikivunjika sosi huwa na uchungu.

Mimina hayo maji nusu kikombe katika chupa safi ya jemu. Tia mafuta ya alizeti nusu kikombe, maji ya ndimu vijiko viwili vya mezani, asali kijiko kimoja cha mezani, chumvi nusu kijiko cha chai, na pilipili manga kidogo. Ukiwa na unga wa haradali, nusu kijiko cha chai hufanya mafuta na maji yasiachane upesi. Funga kifuniko, tikisa kwa nguvu mpaka sosi iwe nzito kidogo, kisha onja. Ikichachuka mno ongeza asali. Ikiwa tamu mno ongeza ndimu. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe sosi yenye asali.

Usiichemshe, maana moto hupunguza Vitamini C. Kabeji, karoti na majani mengine uyaoshe kwa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, uyakate membamba sana, na umimine sosi wakati wa kula tu. Ikimiminwa mapema kabeji hulegea na kutoa maji.

Sasa neno la kuweka, na hapa ndipo wengi hukosea. Mtu huona sosi ni chachu, akadhani itakaa kabatini kama siki. Haitakaa. Nyumba isiyo na friji itengeneze ya kuliwa siku hiyo hiyo. Yenye friji yaweza kuiweka siku tatu au nne. Ni heri kuweka matunda yenyewe: karakara nzima hukaa wiki moja hivi mahali penye baridi na kivuli, ukazitumia chache kila siku.

Kitunguu saumu kinapendeza humo, lakini kitiwe katika ile sosi itakayoliwa mara moja, wala kisilowekwe katika mafuta na kuachwa siku nyingi. Hutoka udongoni, na vijidudu vyake vyaweza kufanya sumu kali ndani ya mafuta mahali pasipofika hewa, bila harufu wala ladha ya kumwonya mlaji.

Vikundi vya akina mama vinavyofikiria kuuza sosi hii dukani vijue kwamba kazi hiyo ni nyingine. Itabidi kujifunza njia ya kuihifadhi chupani kwa usalama, na kupata kibali cha alama ya ubora kutoka Shirika la Viwango la Kenya, kabla ya kununua hata chupa moja.