Lori la Kukokota Nyumba

Konokono huchukua nyumba yake mgongoni kila aendako, wala hakuna amwonaye kuwa wa ajabu. Huko Marekani wako watu, hasa wazee waliokwisha acha kazi, ambao nao husafiri na nyumba zao, ila wao huzifunga nyuma ya motokaa. Nyumba ya namna hiyo ni tela lenye kuta, madirisha na paa, na ndani yake mna vitanda, jiko, tangi la maji, taa na choo. Zilizo ndogo hukokotwa na motokaa yoyote yenye nguvu za kadiri. Zilizo kubwa hupata urefu wa futi 40 na uzito wa ratili 16,000 au zaidi, yaani kupita kilo 7,000. Na hizo hutaka lori lenye nguvu, na wenye nyumba wengine hutengenezewa lori la kazi hiyo tu. Twapenda kueleza jinsi mafundi walitengenezavyo, maana mna mambo katika ufundi huo ambayo kila mtu aendeshaye gari lenye tela nyuma yake, hata hapa kwetu, ni afadhali ayajue.

Habari yenyewe ni ya zamani kidogo. Katika mwaka 1914 mfanya biashara ya mbao wa mji wa Detroit, jina lake Frederick Sibley, alitaka kuchukua mashua yake aende nayo mapumzikoni. Alikuwa na motokaa ya Ford, namna ile iliyoitwa Model T, lakini mashua haikuweza kuenea ndani yake. Akamwendea mhunzi August Fruehauf, mtu aliyezoea kutengeneza magari ya farasi, naye akamfanyia tela la magurudumu mawili, akaliunga na ile motokaa. Sibley akapendezwa sana, akaagiza matela mengine ya kuchukulia mbao zake, na mwaka 1918 Fruehauf akawa na kampuni ya kutengeneza matela. Basi twaona kuwa matela ya mizigo ya kiwanda hicho yalizaliwa na safari ya matembezi. Watu wengi wangedhani kinyume.

Tena nyumba hizi si ngeni kabisa katika bara letu. Katika mwaka 1959 na 1960 Mmarekani Wally Byam, mwenye kiwanda cha nyumba ziitwazo Airstream, zing'aazo kama sufuria mpya kwa kuwa kuta zake ni za alumini, aliongoza msafara wa nyumba 41 kutoka Cape Town mpaka Cairo, wakipita Kenya na Ethiopia njiani. Kila nyumba ilikuwa na gari lake la kuikokota, na njia za mawe na matope zilionyesha upesi ni vyuma gani viwezavyo kuvumilia.

Sasa tuingie kiwandani. Kwa kawaida fundi haanzi na vyuma vitupu. Hununua lori kuukuu, lile lililokuwa likivuta matela ya biashara katika barabara kuu za Marekani. Katika barabara hizo sheria huruhusu gari na tela na mzigo wake vifike ratili 80,000 pasipo kibali cha namna ya pekee. Lori lililozoea uzito huo halitatoka jasho kwa nyumba ya ratili 16,000. Kwa hiyo mtu akituuliza ni injini gani ifaayo, twamjibu ya kuwa hilo ndilo swali dogo kuliko yote. Wengi huanza nalo, wakajisifia nguvu za injini kama mtu ajisifiaye jogoo wake. Yaliyo makubwa ni mawili: uzito utakaa wapi, na gari litasimamaje.

Jambo la kwanza lajulikana na kila hamali. Mtazame mtu avutaye mkokoteni wa magurudumu mawili. Akipakia magunia yote nyuma ya magurudumu, mikono ya mkokoteni huinuka juu na kutaka kumnyanyua, na akikimbia, mkokoteni huyumba huku na huku. Akiyasogeza magunia mbele kidogo, mikono humlemea kwa kadiri, na mkokoteni humfuata kwa utulivu. Akiyapakia mbele mno, mgongo wake hukatika kwa uchovu. Tela la nyumba lina tabia hiyo hiyo. Likiwa na uzito mwingi nyuma, huanza kutikisika kama mkia, kwanza polepole, kisha kwa nguvu zaidi kila mara, hata likaligeuza gari linalolivuta na kulitupa nje ya barabara. Watu wamekufa kwa sababu hiyo, na mara nyingi kosa lilifanyika nyumbani siku ya kupakia, hapo mtu alipoweka vitu vizito nyuma kabisa kwa kuwa ndiko kulikokuwa na nafasi.

Kwa hiyo mafundi wana kipimo. Tela lifungwalo kwa tufe la chuma nyuma ya gari hulaza juu ya tufe hilo sehemu 10 mpaka 15 katika kila 100 za uzito wake. Lakini nyumba zilizo kubwa kabisa hazifungwi hivyo. Pua yake huinuka, ikapanda juu ya mgongo wa lori, na chini ya pua hiyo mna chuma kinene kifupi, ambacho mafundi hukiita kingipini. Chuma hicho huingia katika bamba pana la chuma lililofungwa juu ya lori, na humo hukazwa kwa taya. Bamba hilo huitwa gurudumu la tano, ijapokuwa halibingiriki. Jina limetoka kwa magari ya farasi, ambayo juu ya magurudumu yake ya mbele yalikuwa na duara la chuma lililolala, ili magurudumu hayo yapate kugeuka chini ya gari. Kwa kiungo cha namna hii lori hubeba kiasi cha sehemu 20 katika 100 za uzito wa nyumba. Nyumba ya ratili 16,000 itaweka juu ya lori ratili 3,200, sawasawa na watu wazima ishirini na zaidi wakisimama pamoja juu ya bamba moja.

Watasimama mahali gani? Hapo ndipo fundi huonekana. Ekseli ni kile chuma kinachobeba magurudumu mawili, moja huku na moja huku. Bamba likiwekwa juu ya ekseli ya nyuma hasa, uzito wote hushuka moja kwa moja katika magurudumu ya nyuma. Likiwekwa nyuma ya ekseli hiyo, lori huwa kama mzani: nyuma hushuka na mbele huinuka. Tuseme kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni futi 16, na bamba liko futi 4 nyuma ya ekseli ya nyuma. Nne ni robo ya kumi na sita. Basi magurudumu ya mbele yatapunguziwa robo ya zile ratili 3,200, yaani ratili 800, na ya nyuma yatalemewa na ratili 4,000. Magurudumu ya mbele ndiyo yashikayo njia, na lori lililopunguziwa mno uzito wa mbele halimtii dereva wake vema, hasa barabara ikiwa na maji.

Kwa nini basi bamba lisisogezwe mbele kabisa, karibu na chumba cha dereva? Kwa sababu ya pembe za nyumba. Wanafunzi wachore umbo hili. Nyumba ina upana wa futi 8, na kingipini iko katikati ya upana huo, futi 3 nyuma ya pua. Kutoka kingipini mpaka ubavuni ni futi 4, na mpaka puani ni futi 3. Kwa hiyo kutoka kingipini mpaka kwenye pembe ya mbele ni futi 5 kamili, kama hesabu ya pembetatu ionyeshavyo. Gari likipinda sana, pembe hiyo huzunguka ikielekea chumba cha dereva. Bamba likiwa futi nne na nusu tu nyuma ya chumba, pembe ya nyumba itavunja kioo cha nyuma siku ya kwanza dereva atakapojaribu kuigeuza nyumba mahali pembamba. Fundi mwangalifu huacha futi tano, kisha huongeza nafasi nyingine kwa ajili ya njia zisizo sawa.

Lori la biashara kwa kawaida huwa na ekseli mbili nyuma. Kwa kazi hii moja yatosha, kwa hiyo mafundi wengi huondoa ekseli moja, wakaisogeza iliyobaki mahali pafaapo na kuikata ile fremu ndefu iliyozidi. Ndipo lori hupungua uzito, hula mafuta kidogo zaidi, na hugeuka kwa urahisi. Kazi hii si ya kila mwenye moto wa kuchomelea. Fremu za malori mengi ni za chuma kilichotiwa moto kiwandani kwa kipimo ili kiwe kigumu. Ukikichoma ovyo, au ukitoboa matundu katika kingo zake za juu na za chini, huondoa ugumu ule, na ufa huanzia papo hapo. Ufa huo hauonekani mpaka siku uvunjikapo.

Tena ziko springi. Lori lililofanywa kwa ratili 80,000 lina springi ngumu, na likibeba mzigo mdogo hurukaruka kama gari la ng'ombe juu ya mawe. Vyombo vya jikoni hugeuka vigae, na misumari ya kuta hulegea. Kwa sababu hiyo huchaguliwa lori ambalo nyuma yake hukalia mifuko ya mpira iliyojaa upepo, na mara nyingi bamba la kiungo nalo huwekewa mifuko kama hiyo.

Sasa tuje kwenye breki. Tuseme lori lina ratili 16,000 na nyumba ratili 16,000, jumla 32,000. Linashuka mlima ambao kwa kila futi 100 za njia hushuka futi 6. Uzito wake utalisukuma mbele kwa nguvu ya ratili 1,900 na zaidi. Na likienda maili 40 kwa saa, nguvu hizo ni kama kazi ya farasi 200 wakisukuma nyuma yako. Upepo na mipira ya magurudumu huzuia sehemu yake. Iliyobaki yote yataka kugeuzwa kuwa moto, na kama ni breki peke yake zifanyazo kazi hiyo, kwa muda wa dakika chache huwa moto kupita kiasi, zikaacha kushika.

Clessie Cummins, mtengenezaji wa injini za dizeli, aliliona jambo hilo mwaka 1931, alipokuwa akivuka Marekani kwa lori kutoka New York kwenda Los Angeles. Katika mteremko wa Cajon, California, breki zilishindwa, na chini ya mlima palikuwa na njia ya reli ambayo treni ya mizigo ilikuwa ikiipita. Behewa la mwisho liliondoka njiani lori likiwa limekwisha karibia kuligonga. Cummins hakuisahau siku hiyo. Miaka mingi baadaye alibuni namna ya kuifanya injini yenyewe izuie gari, na mwaka 1961 kampuni ya Jacobs ikaanza kuitengeneza kwa kuuza.

Namna hiyo yaweza kufahamiwa kwa bomba la kutilia upepo baiskeli. Ziba tundu kwa kidole, kisha sukuma mpini: utatumia nguvu nyingi. Ukiuachia, upepo uliobanwa utaurudisha mpini nyuma na kukulipa nguvu zako. Lakini ukiondoa kidole wakati ule mpini ufikapo chini, upepo utatoka, wala hutalipwa kitu. Injini ya dizeli hubana upepo vivyo hivyo. Chombo cha Cummins hufungua mlango wa kutokea moshi wakati upepo umekwisha banwa, nguvu zikatoka nje na kupotea, na lori likawa limefanya kazi bure. Kazi hiyo ya bure ndiyo ilizuiayo gari, na breki za magurudumu hubaki baridi mpaka zitakapohitajiwa. Kwa maoni yetu, lori lisilo na chombo hiki lisipewe nyumba kubwa katika nchi ya milima.

Limebaki jambo la kupatanisha breki za pande mbili. Za lori kubwa hufanya kazi kwa upepo, na za nyumba kwa umeme wa volti 12. Fundi huweka chombo kinachopima upepo uendao katika breki za lori, kikapeleka umeme nyuma kwa kadiri ile ile, ili zote zishike pamoja. Karibu na mkono wa dereva huwekwa kitufe cha kuzifunga breki za nyumba peke yake. Nyumba ikianza kuyumba, dereva huondoa mguu katika mafuta na kukibonyeza kitufe hicho taratibu, nyumba ikavutwa nyuma na kunyoka. Akikanyaga breki za lori kwa hofu, ataongeza msiba.

Kazi ikiisha, gari lote hupelekwa penye mizani, likiwa limepakiwa vitu vya safari na matangi yamejaa maji, kisha kila ekseli hupimwa peke yake. Uzito wa kila ekseli hulinganishwa na kipimo kilichoandikwa na kiwanda, na pia na kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa mipira. Ndipo hufungwa kamba nyembamba ya chuma kutoka lori mpaka kwenye pini ndogo puani mwa nyumba. Kiungo kikivunjika na nyumba ikiachana na lori, kamba huing'oa pini, na betri iliyomo ndani ya nyumba huzifunga breki zake papo hapo. Kamba hiyo ifungwe katika fremu ya lori, wala isifungwe katika bamba la kiungo, kwa maana bamba lenyewe laweza kung'oka likaenda pamoja na nyumba.