Mita ni ya pekee?

Nyumba nyingi za kupanga Musaga, kusini mwa Bujumbura, zina ua mmoja na wapangaji kadhaa. Mita ya Regideso, shirika la umeme, ikiwa moja, ugomvi hauishi: mwenye taa moja anamnung'unikia mwenye pasi, na cashpower, umeme wa kulipia kabla, ikikatika usiku, wote gizani. Mpangaji mjanja huuliza kabla hajatoa kodi: "Mita ni ya pekee?"

Mwenye duka, shule au kwaya anayekodi nafasi ya tovuti naye aulize hivyo hivyo. Seva ya bei nafuu ni nyumba ya kupanga: kompyuta moja, wateja kibao. Tovuti zao nyingi huendeshwa na PHP, lugha iliyotolewa na Rasmus Lerdorf mwaka 1995. Kwa miaka mingi injini yake ilipachikwa ndani ya programu ya seva iitwayo Apache, ikaendesha kazi za wateja wote kwa jina moja la mtumiaji, mara nyingi www-data.

Hapo ndipo penye hatari. Tovuti iliyojengwa kwa WordPress, programu ya tovuti ya PHP, ina faili liitwalo wp-config.php, ambamo nywila ya hifadhidata imeandikwa waziwazi. Injini lazima ilisome. Lakini kazi ya jirani nayo inakwenda kwa jina la www-data, kwa hiyo inaweza kulisoma pia. Tovuti ya kwaya iliyotelekezwa ikidukuliwa, duka la jirani limekwisha kuingiliwa.

Halafu kuna ushauri wa mtaani. Mafaili ni ya mteja, injini ni ya www-data, WordPress inagoma kujisasisha, fundi anasema, "Weka 777." Yaani yeyote asome, aandike, aendeshe. Kitasa kimekuwa kigumu, basi mlango umeng'olewa.

PHP ilijaribu kujilinda yenyewe kwa kipengele cha safe_mode, kikashindwa, kikaondolewa katika toleo la 5.4 mwaka 2012. Kutenganisha watu ni kazi ya mfumo endeshi. Kazi hiyo huitumia FPM, msimamizi wa michakato ya PHP, iliyoingia rasmi katika toleo la 5.3.3 mwaka 2010: kila mteja anapewa kundi lake la michakato, kwa jina lake mwenyewe. WordPress inajisasisha bila 777, na ukilifungia faili lako ruhusa za wengine, jirani akiligonga, anakataliwa.

Gharama ipo. Wateja 30, michakato 5 kila mmoja, megabaiti 40 kila mchakato: gigabaiti 6 za kumbukumbu. Ndiyo maana FPM ina mpangilio wa ondemand, unaowasha mchakato mgeni anapobisha na kuuzima akishaondoka.

Paa bado ni moja. Mfumo endeshi wenyewe ukitobolewa, wote wanalowa. Lakini kabla ya kulipa, omba nafasi ya majaribio, pandisha faili la mstari mmoja linaloiuliza injini jina lake. Ikijibu www-data, ujue mita ni ya wote.