Mpelelezi wa Maneno Madogo

Wanangu, sogeeni niwasimulie habari za mpelelezi ambaye hakumkimbiza mwizi hata siku moja. Alichopeleleza ni kitabu kikongwe, na mashahidi wake walikuwa vineno vidogo ambavyo msomaji huvipita bila kuvitazama.

Jina lake Bernhard Karlgren. Alizaliwa mwaka 1889 katika mji wa Jönköping, nchini Uswidi. Tangu ujana wake alipenda kuwasikiliza wanavijiji na kuandika simulizi zao kwa lahaja zao. Alipoingia Chuo Kikuu cha Uppsala, mwalimu wake, Profesa Lundell, alikuwa ndiye aliyebuni herufi maalumu za kuandikia lahaja za Kiswidi. Kijana akawaza: China nayo ina lahaja tele, itakuwaje nikizisikiliza kwa namna hii hii?

Mwaka 1910 akafunga safari. Akafikia Taiyuan, mkoani Shanxi, akawa anafundisha lugha ili apate riziki, huku akikusanya matamshi. Mwaka 1911 mapinduzi yakalipuka na utawala wa wafalme ukaanza kuporomoka, lakini kijana hakuacha kuandika. Aliporudi Ulaya mwaka 1912, alikuwa amekusanya matamshi ya lahaja 24.

Alitaka yamsaidie nini? Sikilizeni. Neno la Kichina lenye maana ya kumi, kwa matamshi ya Beijing, ni *shi*. Huko kusini, Guangzhou, ni *sap*. Wakorea na Wavietnamu waliazima neno hilo zamani sana. Wakorea wanasema *sip*, Wavietnamu *thap*. Wote hao wana *p* mwishoni, isipokuwa Beijing. Basi nani amebadilika? Karlgren akaigeukia Qieyun, kamusi ya vina iliyotungwa mwaka 601, akakuta inamuunga mkono: *p* ilikuwapo zamani, watu wa kaskazini wakaiacha njiani. Kwa kulinganisha hivyo, neno baada ya neno, alieleza jinsi Kichina cha kale kilivyotamkwa, ingawa aliyekisema hakuna tena duniani.

Sasa tuje kwenye kile kitabu. Kinaitwa Zuozhuan, nacho kinasimulia vita, njama na karamu za falme za China kuanzia mwaka 722 kabla ya Kristo. Wazee walisema kiliandikwa na Zuo Qiuming, mtu wa dola ya Lu, alikotoka mwanafalsafa Confucius. Wengine, kama mwanazuoni Kang Youwei, wakapinga: kitabu hicho ni cha kughushi, kimetengenezwa karne nyingi baadaye. Nani mkweli?

Karlgren akaacha hadithi za vita, akaanza kuhesabu vineno. Ninyi mnasema "kama mvua itanyesha", na mnasema pia "mrefu kama mnazi". *Kama* ya kwanza ni ya sharti, ya pili ni ya kufananisha. Katika vitabu vya wafuasi wa Confucius, *kama* ya sharti kwa kawaida ni *ru*. Katika Zuozhuan, mara mamia, ni *ruo*. *Ru* haitumiki sana kwa sharti, bali kwa kufananishia. Akapima vineno vingine, na kila mara kitabu kizima kilifuata kanuni zake chenyewe, ambazo si za watu wa Lu.

Mwaka 1926, akiwa profesa huko Göteborg, alitangaza hukumu yake. Aliyeandika Zuozhuan hakusema lahaja ya Lu. Wala si kazi ya mghushi wa baadaye, kwa sababu waandishi wa baadaye hawakuwa tena na sarufi hiyo. Kwa makadirio yake, kiliandikwa kati ya mwaka 468 na 300 kabla ya Kristo. Mghushi anaweza kuiga majina ya wafalme na silaha zao, lakini ni vigumu mno kuiga vineno visivyovutia jicho, kwa maana hajui hata kwamba vinamtofautisha.

Msidhani kila alichosema kilisimama. Mwaka 1920 alidai kwamba katika maneno ya Confucius, *wu* ni "mimi" mtendaji, na *wo* ni "mimi" mtendwa. Waliomfuata walipohesabu upya wakaona mambo hayakunyooka hivyo. Matamshi mengi aliyoyaunda nayo yamerekebishwa. Hata hivyo wanaisimu watatu wakubwa wa China, akiwemo Yuen Ren Chao, walikitafsiri kwa Kichina kitabu chake kuhusu sauti za Kichina, kikatoka mwaka 1940, wakisahihisha makosa yake humo humo.

Karlgren alikuja kuongoza jumba la makumbusho ya kale ya Asia Mashariki mjini Stockholm kwa miaka 20, akafariki mwaka 1978. Wanaobishana naye hadi leo hulazimika kufanya kama alivyofanya: kufungua vitabu na kuhesabu.