Urembo na Wanyama (2): Ngozi ya Punda

Wiki iliyopita tuliwaangalia garra rufa, samaki wadogo wa Uturuki wanaodonoa ngozi iliyokufa kwenye nyayo za wateja wa spa. Nilieleza kwa nini majimbo kadhaa ya Marekani yaliipiga marufuku huduma hiyo: maji hayawezi kutiwa dawa ya kuua viini samaki wakiwa ndani, na samaki wale wale humhudumia mteja baada ya mteja. Msomaji wa Kanyakine, hapa Meru, anaweza kusema hayo ni ya mbali. Ya leo yanamhusu hasa yeye.

Kuna gelatini iitwayo ejiao. Ngozi ya punda huchemshwa mpaka iwe rojo, kisha rojo hilo hukaushwa likawa vipande vigumu vya rangi ya kahawia iliyokolea. Asili yake ni mkoa wa Shandong nchini China, ambako kwa karne nyingi ilitumiwa kama dawa ya kuongeza damu. Siku hizi inauzwa pia kama urembo: imo katika vinywaji, vitafunio na krimu za uso, kwa ahadi ya kuondoa makunyanzi. Wachina wenye fedha walipoongezeka, punda wa kwao, waliokuwa takriban milioni 11 mwanzoni mwa miaka ya 1990, hawakutosha tena. Wanunuzi wakaja Afrika.

Hapa Kenya, kuanzia 2016, vilifunguliwa vichinjio vinne: Mogotio, Naivasha, Machakos na Lodwar. Watafiti wa KALRO, shirika la Kenya la utafiti wa kilimo na mifugo, walihesabu punda zaidi ya 300,000 waliochinjwa kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018, wakaonya kwamba kwa kasi hiyo punda wangekwisha nchini kufikia 2023. Punda hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu. Hakuna mfugaji awezaye kujaza pengo la vichinjio vya namna hiyo.

Tena si wote waliouzwa kwa hiari. Sehemu nyingi za nchi, wenye punda waliamka wakakuta mizoga iliyochunwa vichakani, nyama imeachwa, ngozi imekwenda. Tufikirie maana yake kwa mama anayetegemea punda kuteka maji au kupeleka ndizi sokoni. Mnyama akipotea, mtungi unarudi mgongoni mwa mama huyo, au mwa bintiye aliyepaswa kuwa darasani. Bei ya punda mwingine nayo imeshapanda. Ndipo ninapoona ubaya wa urembo huu: anayejipaka yuko mbali, na anayelipa hajawahi hata kusikia jina la anacholipia.

Aliyejaribu kuizuia biashara hii ni Peter Munya, gavana wa kwanza wa kaunti yetu ya Meru. Akiwa Waziri wa Kilimo, Februari 2020, aliipiga marufuku baada ya wenye punda kuandamana hadi ofisini kwake. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu iliitengua amri hiyo, kufuatia kesi ya kichinjio kimoja. Sheria ina taratibu zake, lakini kwa maoni yangu waziri alilenga sawa. Februari 2024, viongozi wa Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa waliafikiana kukomesha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote.

Je, ejiao inarembesha? Ukiila, tumbo huivunjavunja kama protini nyingine yoyote, na ushahidi kwamba inafuta makunyanzi ni hafifu mno. Nyanya zetu walilainisha ngozi kwa mafuta ya mbarika, na hakuna mnyama aliyechunwa kwa ajili hiyo.

Basi msomaji, kabla ya kununua krimu au kinywaji cha urembo kutoka ng'ambo, soma kibandiko. Ukiona neno ejiao, rudisha bidhaa hiyo rafuni. Na wewe mwenye punda, mtie alama, mlaze karibu na nyumba, na ukiletewa bei ya ajabu na mnunuzi asiyejulikana, kamwarifu chifu kwanza.