Koo halitoi usaha

Jioni ya Jumamosi pale Katoro, Geita, kijana mwenye vumbi la karasha kwenye kope anaegemea kaunta ya duka la dawa. Koo linamkereketa. "Nipe amoksilini za jero." Hataki dozi, anataka za jero. Muuzaji anachukua mkasi, anakata vidonge, anavifunga kwenye karatasi.

Huenda ni vumbi tu. Ila lipo swali ambalo mbele ya foleni ya watu watatu haliulizwi: kaka, siku hizi umezama chumvini?

Machimboni neno hilo, yaani ngono ya mdomo, husemwa kwa kicheko, na wengi huamini huko hakuna ugonjwa. Kwa VVU hawako mbali na ukweli: hatari ipo, ila ni ndogo sana. Kisonono, kaswende na malengelenge havina huruma hiyo. Kidonda cha kaswende kwa kawaida hakiumi, kinaweza kukaa mdomoni mwenyewe asijue. Kisonono cha kooni mara nyingi hakina dalili hata moja.

Kanda hii ina sifa yake katika vita hivi. Kati ya 1991 na 1994, Geita ikiwa bado wilaya ya Mwanza, utafiti uliofanyika vijijini mkoani humo ulionyesha kuwa kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Tiba ilifuata dalili: mganga anaona usaha au kidonda, anatibu papo hapo bila kungoja maabara. Zahanati nyingi bado zinafanya hivyo. Sasa koo litaonyesha usaha gani?

Ndiyo maana "nimepima, niko safi" hainiridhishi. Umepima nini? Kipimo cha VVU hakionyeshi kisonono, na mkojo hauwezi kusema kilichoko kooni. Lazima pamba ipitishwe kooni kwenyewe, pengine kwenye hospitali kubwa, na mara nyingi mpaka uombe. Kwa kisonono na klamidia, nenda wiki mbili baada ya tukio. Damu ya kaswende na VVU pima sasa, urudie ikitimia miezi mitatu. Mwenye kidonda, au ambaye mwenzi wake amekutwa na ugonjwa, aende leo. Na amoksilini za jero hazitibu kisonono. Kimeshazoea hata sipro.

Kijana anameza viwili palepale, bila maji, anawasha pikipiki. Vilivyobaki kwenye shiti vinarudishwa kwenye droo, mkasi juu yake.